Usiku Usio na Mwezi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala za ngeli, za vina na mizani, na za matatizo ya kufundisha Kiswahili mahali ambapo si lugha ya nyumbani. Leo tunaomba ruhusa ya kuleta habari ya picha. Tulijitia katika uchoraji wa rangi za mafuta tukiwa watu wazima, mvi zimekwisha kuingia kichwani, na picha moja tu iliyotuchukua miezi minane ilitufunza jambo ambalo miaka ishirini ya kusahihisha insha haikutufunza. Kwa kuwa jambo lenyewe linagusa kazi yetu ya ualimu, tumeona si vibaya kuwashirikisha wenzetu.

Sisi ni wazaliwa wa mashariki ya Uganda, katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Viktoria, si mbali na mpaka wa Kenya. Baba yetu alikuwa mvuvi wa dagaa, wale samaki wadogo ambao kwetu Uganda huitwa mukene na ng'ambo ya mpaka huitwa omena. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Katika siku za utoto wetu taa zenyewe zilikuwa za karabai, zikifungwa juu ya vielea vya mbao na kuachwa juu ya maji. Vijidudu vya majini hukusanyika penye mwanga, dagaa huvifuata, na baada ya kungoja kwa muda mrefu wavuvi huzungusha wavu polepole. Siku hizi taa za betri na za umeme wa jua zimeingia, lakini kazi ni ileile. Mtu asimamaye ufukoni huona msururu wa taa kwa mbali, akadhani kuna mji katikati ya ziwa.

Baba yetu alifariki mwaka 2011, kitandani mwake, baada ya kurudi salama kutoka ziwani kila alipokwenda. Mama yetu yungali hai, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tangu mwaka 2020 macho yake yalianza kufifia, na daktari aliyempima alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, tena akashauri afanyiwe upasuaji. Mama alikataa katakata. Kisu kwenye jicho, alisema, si jambo la mtu mwenye akili zake. Tulipozidi kumbembeleza alitujibu kwa maneno ya lugha yetu ambayo Mswahili angeyasema hivi: heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Jioni moja, tukiwa tumemtembelea, tulimwuliza ni kitu gani anachokikosa zaidi kwa kutoona. Tulitazamia atataja nyuso za wajukuu. Akasema, "Nyuso ninazijua kwa sauti. Taa za ziwani hazina sauti." Neno hilo lilituingia. Tukawaza: ikiwa mama hawezi tena kuziona taa zilizo mbali, kwa nini tusimletee karibu, juu ya kitambaa kikubwa, akazitazama mchana akiwa barazani kwake? Hiyo ndiyo asili ya picha yetu. Ulikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2022, mwaka uleule ambao Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kazi ilitujaa mikononi, lakini tukaianza.

Katika shule tunayofundisha yupo mwalimu wa sanaa, mdogo kwetu kwa umri, aliyesoma Makerere, katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, ambako Sam Ntiro wa Tanganyika alisoma na baadaye akafundisha. Tulimwendea na tyubu za rangi tulizonunua Kampala: buluu mbili, na nyeusi nne. Tulinunua nyeusi kwa wingi kwa sababu tulidhani usiku ni mweusi. Alizipokea, akazitia kabatini mwake, akafunga kwa ufunguo.

"Mwalimu," akatuambia, "rangi zako ziko salama. Kwanza nionyeshe mwanga uko wapi na giza liko wapi."

Hapo ndipo tulipojifunza habari za picha ya chini. Mchoraji wa rangi za mafuta aweza, akipenda, kuanza moja kwa moja na rangi zake zote. Lakini iko njia ya zamani, iliyotumiwa na mabingwa wengi wa Italia, wa Flandria na wa Uholanzi, ya kuichora picha mara mbili. Mara ya kwanza huichora kwa rangi moja tu, ya kahawia au ya kijivu, akipima giza na nuru pasipo kufikiria jambo jingine. Ikisha kukauka, huweka rangi zenyewe juu yake kwa matabaka membamba, hata ile picha ya chini ikawa inaonekana kwa kupitia, kama vile mchanga uonekanavyo chini ya maji safi. Picha kama hiyo ikiwa ya kijivu Wafaransa huiita grisaille. Leonardo da Vinci alianza mwaka 1481 picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, akaiacha kabla ya kuikamilisha, na hadi leo, katika jumba la Uffizi mjini Florence, picha hiyo yaonyesha michoro na vivuli vyake vya chini, haikuvishwa rangi.

Kuna na sababu ya kikemia. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo juu ya kamba, ambayo maji yake huondoka tu. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake huvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kitu kigumu, na kazi hiyo huchukua siku au majuma. Kwa hiyo wachoraji wana kanuni isemayo, nono juu ya konda. Tabaka la chini lizimuliwe kwa tapentaini ili liwe konda na kukauka mapema. Matabaka ya juu yaongezewe mafuta kidogo kidogo. Ukigeuza mpango huo, tabaka la juu hukauka kabla ya lile la chini, na lile la chini likijivuta baadaye, picha hupasuka. Udongo wa kahawia hupendwa kwa picha ya chini kwa sababu una manganizi, madini ambayo huharakisha kukauka.

Tukawamba kitambaa kwenye fremu ya mbao, upana wa mita moja na kimo cha sentimita 70. Tukakipaka rangi nyeupe ya msingi, kisha tukakisugua chote kwa kahawia iliyozimuliwa. Mwalimu wetu akatupa kipande cha karatasi chenye vyumba tisa, chumba cha kwanza kimejaa weusi, cha tisa ni cheupe, na katikati yake kijivu cha kila daraja. Kila mahali katika picha, akasema, lazima pawe na nambari. Anga ni ngapi? Maji ni ngapi? Mtumbwi ni ngapi? Na ili kujua, mtu hufinya macho mpaka kope zikaribie kukutana; rangi hupotea, mambo madogo madogo hupotea, yakabaki mapande makubwa ya giza na nuru. Tulifinya macho hata wanafunzi wakatucheka. Haikutujia wakati ule kwamba mama yetu alikuwa akiiona dunia yote hivyo, pasipo kufinya.

Jambo la pili alilotufunza lilitushangaza zaidi. Rangi nyeupe kuliko zote haina nuru yake yenyewe. Haiwezi kung'aa kuliko karatasi iliyo chumbani humo. Taa halisi hung'aa mara nyingi kuliko karatasi hiyo. Basi hakuna mtu awezaye kuchora taa. Kinachochorwa ni giza lililoizunguka taa, na jicho la mtazamaji humalizia lililobaki. Mchoraji mwenye kutapanya weupe wake juu ya mawingu, mawimbi na mawe, ikifika zamu ya taa hana alichobakiwa nacho. Tuliambiwa tuiweke nambari tisa mahali pachache mno, na nambari nane tuiogope.

Likizo ndogo ilipofika tulikwenda kijijini kuutazama usiku wenyewe. Tulikumbuka habari za James Whistler, Mmarekani aliyekaa London, ambaye aliutazama mto Thames usiku, akaukariri moyoni, kisha akauchora chumbani mwake. Picha yake moja ya fataki gizani ilimfanya mhakiki John Ruskin amkebehi hadharani, wakashtakiana mwaka 1878, na Whistler akashinda kesi na kupewa fidia ya farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote za Kiingereza. Sisi tuliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kungoja. Yahitaji kama nusu saa jicho kuzoea giza. Mtumbwi wa jirani, ambao mchana ulikuwa na mstari mwekundu na mstari wa kijani, usiku ulikuwa na mstari mmoja mweusi na mmoja wa kijivu chepesi. Mwanachuoni Purkyně wa Bohemia aliliona jambo hilo zamani, katika karne ya 19: nuru ikipungua, jicho hupoteza wekundu kwanza, na buluu na kijani hubaki nyuma zikionekana angavu kuliko wenzake. Usiku huo ulikuwa mzuri. Mwezi ulikuwa karibu kuwa mpevu, njia ya fedha ikitandazwa juu ya maji. Ziwani hapakuwa na taa hata moja. Tulidhani wavuvi wamepumzika tu, tukaziweka taa katika picha kwa kuzikumbuka, saba, kwa kuwa mitumbwi ya kundi la baba ilikuwa saba.

Tulirudi na kuifanya picha ya chini kwa majuma matatu. Mwezi tuliuweka juu upande wa kulia, nambari tisa kamili, kwa rangi nene. Anga ikawa tano, maji manne, mitumbwi mbili, migongo yake imepakwa mstari mwembamba wa nuru ya mwezi. Mwalimu wa sanaa aliisifu. Tunakiri kwamba tulijisifu wenyewe pia, na kabla ya kuvishwa rangi tukaifunga kwa shuka na kumpelekea mama kwa basi.

Tuliiegemeza ukutani barazani, mahali penye kivuli, maana jua kali humchoma mwenye mtoto wa jicho. Mama alisogea mpaka pua yake ikakaribia kitambaa, kisha akarudi nyuma, kisha akasogea tena. Tulishangaa kuona kwamba anaona. Picha haikuwa na rangi hata moja ya kumchanganya. Ilikuwa giza na nuru tu, vitu ambavyo macho yake yalikuwa bado yanavimudu.

"Huu ni ukingo wa maji," akasema akionyesha kwa kidole. "Hii ni mitumbwi. Na hiki cheupe huku juu ni nini?"

"Ni mwezi, mama."

Alinyamaza kidogo. Kisha akacheka, si kwa dharau. "Mwanangu, mwezi ukiwa hapo, basi baba yako amelala nyumbani."

Aibu tuliyoiona siku ile ni vigumu kuieleza. Mtoto wa mvuvi wa dagaa hakujua jambo ambalo kila mtoto wa ufuko ule alijua. Taa huwavuta dagaa kwa sababu giza limeizunguka. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina nuru, dagaa hawana haja ya kuikimbilia taa ndogo ya binadamu, na wavuvi hukaa nchi kavu wakitengeneza nyavu hadi siku za giza zirudi. Kwa hiyo ziwa lilikuwa tupu usiku ule tulioketi juu ya mtumbwi. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu mazima, nasi tukaupuuza.

Ni kweli tulitoka kijijini tukiwa na umri wa miaka kumi, tukakaa mjini kwa mjomba kwa ajili ya masomo. Lakini hiyo si sababu ya kutosha. Tulijiuliza mwezi ule ulitoka wapi, tukapata majibu mawili. La kwanza ni vitabu. Katika kabati la mwalimu wa sanaa tulikuwa tumezitazama mara nyingi picha za usiku za Wazungu, hasa ile ya Mrusi Arkhip Kuindzhi ya mto Dnieper, ambayo mwaka 1880 aliionyesha peke yake mjini St. Petersburg katika chumba kilichofungwa mapazia na kumulikwa kwa taa, na watu wakashuku kwamba nyuma ya kitambaa pamefichwa taa. Usiku wa picha hiyo una mwezi, nasi tukaufasiri usiku wa Dnieper tukadhani tunauandika wa kwetu. Makosa kama hayo kila mwalimu wa lugha anayajua: maneno ni ya Kiswahili, lakini sentensi imeletwa kutoka kwingine.

La pili liko karibu zaidi na moyo. Usiku wa mbalamwezi ndio usiku ambao baba alikuwa nyumbani. Aliketi uani na sindano ya nyavu, sisi watoto tukamzunguka, akatusimulia hadithi hata usingizi ukatushika. Sisi tuliupenda mwezi kwa sababu ulituletea baba. Usiku wa taa, usiku wa giza, sisi tulikuwa tumelala. Aliyekuwa macho ni mama. "Nilikuwa nikitoka kila mara kuzihesabu," alituambia siku ile barazani. "Zikiwa saba, nalala kidogo. Zikiwa sita, silali." Mara nyingi taa iliyokosekana ilikuwa imefichwa na nyingine tu, au imezimwa na upepo na kuwashwa tena. Lakini miaka yote hiyo alikuwa akihesabu, nasi hatukujua. Picha tuliyompelekea ilikuwa ya usiku wetu, nayo ina nafasi yake, ila si ile aliyoiomba.

Wenzetu watuwie radhi tukiiacha picha kwa kitambo na kuingia darasani. Juma lile tulikuwa na rundo la insha za kidato cha pili, mada "Safari ya Usiku." Shule yetu haiko mbali na ziwa, na wanafunzi wengi ni watoto wa wavuvi. Tulihesabu insha 43. Katika insha 31 mbalamwezi iling'aa, nyota zilimetameta na bundi akalia. Miaka yote tulikuwa tukizitia alama ya "vizuri" sentensi hizo, na kwa nini tusizitie, ikiwa sisi ndio tuliozifundisha? Ziko katika insha za mfano tulizowaandikia ubaoni, nasi tulifundishwa hivyohivyo tulipokuwa wanafunzi. Tulizirudisha insha zote bila alama. Tukawaambia waandike upya, aya moja tu, usiku wa nyumbani kwao, na neno lolote walilolitoa ubaoni liachwe. Mmoja aliandika kwamba mtumbwi hujulikana kwa mlio wa kafi kabla haujaonekana. Binti mmoja, mkimya sana, sarufi yake ya upogoupogo, aliandika, "Mwezi ukiwa mkubwa kwetu tunakula mara moja." Hatukupata kusoma sentensi kama hiyo katika miaka yetu ishirini ya kazi. Wala haikuwa na pambo lolote.

Turudi kwenye kitambaa. Tulidhani mwezi utafutwa kwa kupakwa giza juu yake. Mwalimu wa sanaa akatukataza. Rangi ya mafuta, alieleza, kadiri miaka ipitavyo huzidi kupitisha nuru, na kilichofunikwa huanza kuchungulia. Katika picha za kale watu huweza kuona mkono au mguu ambao mchoraji aliufuta akidhani amemaliza. Mwezi mnene vile usingekubali kuzikwa. Ilitubidi tuukwangue kwa kisu na kuusugua kwa msasa mpaka nyuzi za kitambaa zikaonekana, kisha tuanze pale upya.

Kuuondoa mwezi hakukuwa kuondoa kitu kimoja. Kila nambari katika picha ilikuwa imetegemea mwezi huo. Tulikwenda tena ufukoni, safari hii katika siku za giza, na tukaona kwamba hata mpango wa nuru umegeuka. Anga na maji vilikuwa karibu sawa, anga likizidi kwa daraja moja au pungufu yake kwa ajili ya nyota. Ukingo wa kuvigawa haukuonekana ila mahali taa zilipoanza. Mistari ya nuru migongoni mwa mitumbwi ilikuwa uongo mtupu: mwanga sasa ulitoka chini, juu ya maji, ukaangaza matumbo ya mitumbwi na videvu vya watu. Kila taa ilikuwa na mkia wake ndani ya maji, mrefu, wima, ukielekea kwa mtazamaji na kukatwakatwa na viwimbi. Vincent van Gogh aliyachora mambo hayohayo huko Arles mwezi wa Septemba mwaka 1888, taa za gesi zikirefuka ndani ya mto Rhône, naye alisimama nje usiku kuyatazama. Laiti tungeifuata picha hiyo badala ya ile ya mwezi. Lakini afadhali zaidi tulipoufuata ufuko wenyewe.

Ilipokauka picha ya chini ya pili, mwalimu wetu alifungua kabati. Nyeusi zetu nne akatuachia nusu ya moja. Giza hai, alisema, hupatikana kwa kuchanganya buluu ya ultramarini na kahawia iliyochomwa. Ukizidisha hii usiku hupoa, ukizidisha ile hupata joto, ambapo nyeusi peke yake hukaa kama shimo. Jina la ultramarini lenyewe maana yake ni ng'ambo ya bahari, kwa kuwa zamani ilisagwa kutokana na jiwe lililoletwa Ulaya kutoka milima ya Afghanistan. Tangu karne ya 19 hutengenezwa viwandani. Tuliipaka kwa mafuta, nyembamba, tabaka baada ya tabaka, tukingoja kila moja likauke. Kuzunguka taa tuliweka manjano ya kuelekea machungwa, na vitovu saba tukavipa nambari tisa. Usiku ulianza kupumua.

Mwezi wa Februari mwaka 2023 tulimpelekea mama kwa mara ya pili. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea. Akakaa kitini.

"Mmezima taa," akasema.

Hakuona kitu. Kioo cha jicho lenye ugonjwa ule huwa kimegeuka ukungu wa manjano na kahawia. Hupunguza tofauti ya giza na nuru, na buluu huimeza kabisa. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alipatwa na maradhi hayohayo, picha zake zikageuka nyekundu na kahawia, akawa anasoma majina yaliyoandikwa kwenye tyubu ili ajue ameshika rangi gani, hadi alipokubali kupasuliwa mwaka 1923 akiwa na umri wa miaka 82. Matabaka yetu ya buluu, ambayo kwa jicho zima yaliufanya usiku uwe usiku, kwa mama yalikuwa pazia. Alikuwa amekwisha kuizoea picha ya kijivu, na sisi tulikuwa tumeifunika.

Tulikuwa na njia mbili. Tungeweza kuzipaka taa nyeupe kubwa kubwa, kama sahani, mama akaziona na kufurahi, na picha ikawa si ya kweli. Au tungeiacha ilivyo, ya kweli, na mwenye kuiomba asiione. Usiku ule hatukulala vizuri. Asubuhi tulimkuta mama amekwisha kuamka, anapapasa uso wa kitambaa kwa ncha za vidole, mahali penye vitovu vya taa, ambapo rangi imeinuka kidogo.

"Ni saba?" akauliza.

"Ni saba, mama."

"Au wanipendeza tu?"

Tulimjibu kwamba asipoamini, iko njia moja ya kuhakikisha. Tulisema kwa utani, lakini yeye hakucheka. Baada ya siku mbili alimtuma mjukuu wake kutupigia simu kwamba yuko tayari kwenda hospitali. Sisi tuliokuwa tumemsihi kwa miaka miwili na zaidi kwa hoja za kitabibu hatukuwa na la kusema.

Walipasua jicho moja kwanza, mwezi wa Machi. Kioo kilichochafuka hutolewa, kikawekwa kingine kidogo cha bandia, na kazi yenyewe haifiki saa moja. Tulishika mkono wake mpaka mlangoni, na mikono iliyokuwa ikitetemeka ilikuwa yetu. Siku ya pili bandeji ilipoondolewa, kitu cha kwanza alichokisema ni kwamba gauni la muuguzi ni la buluu, na kwamba alikuwa amesahau kama kuna buluu duniani.

Mwezi wa Aprili tuliiegemeza picha barazani kwa mara ya tatu. Hatukusema neno. Alihesabu kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, akigusa hewa kwa kidole: moja, mbili, hata saba. Akarudia kutoka upande wa pili, kama mtu asiyeamini hesabu ya kwanza. Akanyamaza kwa muda mrefu. Tulidhani amemaliza.

"Na taa yangu iko wapi?" akauliza.

Hatukufahamu. Akatueleza kwamba kila usiku wa giza alikuwa akiitundika chemli kwenye mti ulio mbele ya nyumba, ili baba ajue nyumba ni ipi na mwenyewe hajalala. "Mimi nilizihesabu zake," akasema. "Na yeye alikuwa akiitazama yangu."

Kitambaa kimerudi chumbani petu, na kazi haijesha. Mti ule, kwa mpango wa picha, uko nyuma ya mtu atazamaye, kwa hiyo chemli haitaonekana. Lakini nuru yake lazima ianguke juu ya mchanga wa mbele, nambari tatu hivi, pengine nne, na iguse ukingo wa wavu ulioanikwa. Tumekwisha kuchanganya rangi, nono kuliko zote zilizotangulia, kama kanuni inavyotaka. Tunangoja tabaka la chini likauke.